Kioo Mbinuko Langoni: Namna ya Kukichagua na Kukifunga

Nyumba nyingi za mijini siku hizi zimezungushiwa ukuta mrefu uliojengwa hadi ukingoni mwa mtaa. Geti linapofunguliwa, kinachotangulia kuingia barabarani si jicho la dereva bali ni pua ya gari lake. Dereva hukaa takriban mita 2 nyuma ya bampa. Kwa hiyo, kabla hajauona mtaa upande wa kulia wala wa kushoto, mita 2 za gari zimekwisha kufika mahali anapopita mtoto aliyetumwa dukani, mwendesha baiskeli au bodaboda. Mtoto huyo naye halioni gari hadi afike mbele ya geti. Ukuta ule ule umewaficha wote wawili.

Ndiyo maana vioo vya duara vyenye tumbo mbele, ambavyo zamani vilionekana zaidi katika maghala na maegesho ya magari, sasa vinafungwa pia kwenye mageti ya nyumba, ya shule na ya vituo vya afya. Katika fizikia huitwa vioo mbinuko, na ndilo jina tutakalolitumia katika makala haya. Walaji wanaotufikia kuhusu bidhaa hii huuliza kioo kipi ni imara na kipi kina bei nafuu. Ni maswali ya haki, nasi tutayajibu. Hata hivyo, lipo swali linalopaswa kutangulia: kioo hicho kitamwonyesha nini mtu aliyeketi nyuma ya usukani, na kitamficha nini?

Kabla ya kutoa fedha

Kioo ni dawa ya ugonjwa ambao mara nyingine unaweza kuondolewa kabisa. Tunamshauri kila mlaji asimame kwanza langoni pake na kutazama ni kitu gani hasa kinachomzuia kuona. Ikiwa ni ua wa michongoma, mkasi wa bustani utafanya kazi nzuri kuliko kioo chochote. Ikiwa ni rundo la mchanga, bango la biashara au meza ya genge, mazungumzo ya upole na mwenye nayo yanaweza kutosha. Ikiwa ni ukuta wenyewe, fundi anaweza kuukata mshazari katika kona mbili za geti, au kushusha kimo cha sehemu ya mwisho na kuweka nondo za wazi mahali pa tofali. Gharama ya kazi hiyo hulipwa mara moja, na jicho la dereva linauona mtaa wenyewe badala ya taswira yake.

Jambo jingine halina gharama hata kidogo: kuingiza gari kinyumenyume wakati wa kurudi, ili kesho yake litoke likitanguliza mbele. Anayetoka kinyumenyume huwa nyuma ya sehemu kubwa zaidi ya gari lake, na hakuna kioo cha ukutani kitakachomsaidia ipasavyo.

Ni pale ambapo njia hizi zimeshindikana, au hazitoshi, ndipo tunapozungumzia kununua.

Kioo kinavyopanua na kinavyopunguza

Kioo mbinuko ni kama kipande kilichokatwa kwenye ganda la tufe kubwa. Kwa kuwa uso wake umejipinda kuelekea nje, hukusanya miali ya mwanga kutoka pande nyingi zaidi kuliko kioo bapa cha ukubwa ule ule, na kwa hiyo humwonyesha mtazamaji eneo pana. Upana huo haupatikani bure. Kila kitu kinachoonekana ndani yake hupungua ukubwa, na ubongo wa binadamu, uliozoea kwamba kitu kidogo ni kitu kilicho mbali, hudanganyika.

Kiasi cha udanganyifu huo kinaweza kukokotolewa kwa hesabu ya shule. Chukua umbali kutoka kitu hadi kwenye kioo, na umbali kutoka kwenye kioo hadi kwa mtazamaji. Vijumlishe vipimo hivyo viwili. Kisha vizidishe kimoja kwa kingine, zidisha tena kwa 2, na jibu uligawe kwa nusukipenyo cha lile tufe. Ongeza jibu hilo kwenye jumla ya mwanzo. Utapata umbali ambao mtazamaji atadhani kitu kipo.

Tuseme kioo kimekatwa kwenye tufe lenye nusukipenyo cha mita 2, dereva yupo mita 10 kutoka kwenye kioo, na pikipiki ipo mita 30 kutoka kwenye kioo hicho. Machoni pa dereva, pikipiki hiyo itakuwa na ukubwa wa pikipiki iliyo mita 340. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kisheria katika maeneo ya makazi nchini, hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Mita hizo 30 itazimaliza kwa sekunde mbili na kidogo. Dereva anayeamini macho yake atajiambia kwamba anao muda wa kutosha, na hana.

Tukirudi nyuma zaidi mambo huwa mabaya zaidi. Gari linalohitaji sekunde 5 kutoka langoni na kukamilisha kona linapaswa kuiona pikipiki hiyo ikiwa umbali wa mita 70 hivi. Katika kioo hicho hicho, pikipiki ya mita 70 huonekana kana kwamba ipo mita 780. Hiyo ni nukta, na juu ya kioo chenye vumbi nukta haina thamani.

Kutokana na hesabu hizi, tunamwomba msomaji akichukue kioo mbinuko kama shahidi anayejibu swali moja tu: je, kuna kitu kinachokuja? Kikionyesha kitu, simama. Kisipoonyesha kitu, sogea taratibu hadi macho yako mwenyewe yauone mtaa, kisha utazame tena. Kiko mbali kiasi gani na kinakuja kwa kasi gani, kioo hakiwezi kukuambia. Aidha, taswira yake imegeuzwa: maandishi husomeka kinyume, na gari lililoshika kushoto huonekana limeshika kulia. Dereva mgeni, au mlinzi anayeongoza magari kwa mara ya kwanza, anahitaji kuelezwa hilo mapema.

Kipimo cha kufanya dukani

Wauzaji wengi hutangaza kipenyo cha kioo: sentimita 30, 45, 60, 80 au 100. Wachache sana hutaja mbinuko wake, ingawa mbinuko ndio unaoamua taswira itakuwa kubwa au ndogo. Mlalamikaji mmoja alituletea kioo cha sentimita 60 alichouziwa kwa maelezo kwamba "kinaona pande zote". Maelezo hayo hayakuwa uongo. Kioo kiliona pande zote, lakini kilikuwa na tumbo kubwa mno kiasi kwamba kila kilichopita mtaani kwake kilifanana na sisimizi. Muuzaji alisema kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa na hatari.

Mlaji anaweza kujipimia mwenyewe kabla ya kulipa. Aende na rula mbili, moja ndefu na iliyonyooka, au atumie kipande cha ubao ulionyooka mahali pa rula ndefu. Aiweke rula hiyo juu ya uso wa kioo ili iguse katikati tu, na nafasi za kingo mbili ziwe sawa. Kisha apime nafasi kati ya rula na ukingo wa kioo. Kwa kioo cha kipenyo cha sentimita 60, nafasi ya sentimita 2 na robo ina maana kwamba nusukipenyo cha tufe ni takriban mita 2, kama katika mfano wetu. Nafasi ikiwa sentimita 4 na nusu, nusukipenyo kimeshuka hadi takriban mita 1, na ile pikipiki ya mita 30 itaonekana kana kwamba ipo mita 640. Kwa kioo cha sentimita 40, nafasi ya sentimita 1 ndiyo inayolingana na nusukipenyo cha mita 2.

Hatusemi kwamba mbinuko mkubwa ni ubovu. Katika korido ya hospitali au njia panda ndani ya ghala, ambako watu na mikokoteni huenda polepole na umbali ni mita chache, mbinuko mkubwa unafaa, na hata kuba nzima inayoning'inia darini inafaa. Kwenye mtaa wa magari tunashauri kioo chenye tumbo dogo, na upana unaopotea ufidiwe kwa kipenyo kikubwa zaidi au kwa kioo cha pili.

Tazama pia usafi wa taswira. Simama mbali na kioo, mwombe mwenzako apite nyuma yako, na uangalie kama umbo lake linajikunja au kutikisika kama mtu anayeonekana ndani ya maji. Mawimbi ya namna hiyo ni dalili ya plastiki nyembamba iliyofinyangwa vibaya. Hayataisha baada ya kufungwa, jua litayazidisha.

Akriliki, polikaboneti, chuma

Kioo cha kawaida, kama cha dirishani, hutoa taswira safi na hakikwaruziki upesi, lakini uzito wake ni karibu maradufu ya plastiki ya ukubwa ule ule, na kikivunjika huacha vipande vikali chini ya mahali watu wanapopita. Kwa lango la nyumba hatukipendekezi.

Akriliki ni nyepesi na hustahimili jua vizuri, ila hupasuka ikipigwa jiwe. Polikaboneti ni ngumu kuipasua, na kwa hiyo inafaa mahali penye mpira wa miguu au malori ya kokoto. Udhaifu wake ni kwamba isipopakwa kinga dhidi ya mionzi ya jua hugeuka manjano. Muulize muuzaji kama kinga hiyo ipo, na jibu lake liandikwe kwenye risiti au kwenye karatasi ya dhamana. Neno "hakivunjiki" likitamkwa mdomoni tu halimsaidii mtu. Vipo pia vioo vya chuma kisichoshika kutu kilichong'arishwa. Taswira yake ni hafifu kidogo, lakini ni vigumu kuviharibu, na kwa uwanja wa shule tunaviona kuwa chaguo la busara.

Geuza kioo na utazame mgongo wake. Uso unaoakisi ni tabaka jembamba sana la metali, na unyevu ukiingia nyuma yake huliwa, kukatokea madoa meusi yanayoanzia ukingoni. Mgongo unapaswa kuwa na kifuniko kizima, na ukingo uzibwe kwa mpira usioachia. Kwa wakazi wa Tanga, Bagamoyo, Unguja, Mtwara na mwambao wote, chumvi ya baharini ni adui mwingine: kishikizo, bolti na nati viwe vya chuma kisichoshika kutu au kilichopakwa zinki. Tumeona kioo kizuri kikianguka kwa sababu ya bolti ya bei ndogo.

Mahali pa kukifunga

Mazoea ni kukifunga ng'ambo ya mtaa, kikitazamana na geti. Mahali hapo pana faida moja: kioo kimoja huonyesha kulia na kushoto kwa pamoja. Hasara yake ni umbali, kwa kuwa mtaa wote upo kati ya dereva na kioo. Isitoshe, ng'ambo ya mtaa si kwako. Ama ni ukuta wa jirani, ambaye ana haki ya kukataa, ama ni hifadhi ya barabara. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na mitaa mingi ya mijini na vijijini ipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanzishwa mwaka 2017. Usichimbe wala kusimika nguzo katika hifadhi hiyo kabla ya kuomba ruhusa kwa wakala husika. Nguzo ya umeme usiiguse kabisa. Si tu kwamba ni mali ya wengine, bali kupanda huko kunaweza kukuua.

Kwa nyumba nyingi tunapendelea vioo viwili vidogo vilivyofungwa kwenye nguzo za geti lako mwenyewe. Kioo cha nguzo ya kushoto hugeuzwa kionyeshe mtaa wa upande wa kulia, na cha nguzo ya kulia kionyeshe upande wa kushoto. Uso wa kioo ufike kwenye mstari wa nje wa ukuta, la sivyo kitaonyesha nguzo ya pili peke yake. Lakini kisichomoze hadi kumgonga mpita njia. Faida yake ni kwamba dereva hukitazama kutoka mita 4 hivi badala ya 10. Kwa mbinuko ule ule wa mita 2, pikipiki iliyo mita 30 sasa huonekana kama ipo mita 154, yaani zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa awali. Na kwa sababu nchini kwetu magari hushika kushoto, yanayopita karibu zaidi na ukuta wako hutoka kulia kwako unapotoka. Ukimudu kioo kimoja tu, anza na kile kinachoonyesha kulia.

Pale watu wanapopita chini yake, ukingo wa chini wa kioo usipungue mita 2 kutoka ardhini. Kielemee kidogo kuelekea chini, ili kionyeshe uso wa mtaa na si anga. Nguzo ya peke yake iwe ya bomba la chuma lililozikwa katika zege, kwa kina kisichopungua sentimita 60. Kioo cha sentimita 80 hupokea upepo karibu maradufu ya kile cha sentimita 60, jambo ambalo fundi wa mwambao anayezijua siku za kusi hahitaji kuelezwa.

Fikiria jua pia. Huku kwetu karibu na ikweta, mahali linapochomoza na kuzama halipotoki zaidi ya nyuzi 24 hivi kutoka mashariki na magharibi kamili. Kioo kinachotazama mashariki kitakuwa na mng'ao asubuhi, saa ile ile watu wanapowahi kazini na watoto shuleni. Ikiwezekana, badili pembe yake au chagua kioo chenye kofia. Kuhusu hofu ya baadhi ya walaji kwamba kioo hiki kinaweza kuwasha moto, hofu hiyo haina msingi: kioo mbinuko hutawanya miali. Kinachokusanya ni kioo mbonyeo.

Kulenga kioo ni kazi ya watu watatu. Mmoja aketi kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limesimama mahali hasa litakaposimama kila siku. Wa pili atembee pembeni mwa mtaa akiwa amebeba kitambaa cha rangi kali. Khanga nyekundu inatosha. Wa tatu ageuze kioo, kisha akaze nati. Msimtumie mtoto kwa jaribio hili. Badala yake wekeni ndoo juu ya stuli, kwa kimo cha mtoto wa miaka mitano, pembeni mwa ukuta kila upande, na dereva aseme kama anaiona bila kuambiwa ilipo. Mkimaliza, chora mstari wa rangi unaokatiza nati na kishikizo. Mstari huo ukija kuachana, utajua kwamba kioo kimesogea. Na kabla ya kuondoka, mtazame kile kinachoonekana kutoka upande wa pili: kioo kinachomwonyesha mpita njia uani kwa jirani kitaleta ugomvi, na ugomvi huo kwa kawaida huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Baada ya kukifunga

Kioshe kwa maji, sabuni laini na kitambaa laini. Mwaga maji kwanza ili mchanga uondoke, kwa maana ukisugua mchanga juu ya plastiki umeikwaruza daima. Petroli na thina huharibu akriliki na polikaboneti, wala zisikaribie. Wakati wa kiangazi mitaa ya vumbi huhitaji usafi wa kila wiki. Wakati wa masika, matone ya mvua yanaweza kukifanya kioo kisisomeke kabisa, nawe utapaswa kutoka kana kwamba hakipo. Usiku kioo huonyesha taa. Baiskeli isiyo na taa haitaonekana.

Neno dogo kwa wenye magari. Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, hasa yale marefu, huja na kioo kidogo cha mbinuko juu ya bawa la mbele upande wa kushoto. Hakikuwekwa kwa urembo. Usukani upo kulia, na kona ya mbele kushoto ndiyo iliyo mbali kuliko zote na jicho la dereva. Kioo hicho kipo ili aone mtoto aliyesimama pale. Tunashauri kisiondolewe, na kikivunjika kibadilishwe.

Unaponunua, dai risiti ya EFD, na uhakikishe imetaja kipenyo na aina ya plastiki. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa, lakini madai ni rahisi kuyathibitisha yakiwa yameandikwa. Kioo kikiwa na mawimbi, kikigeuka manjano au kikiota madoa ndani ya muda wa dhamana, kirudishe kwanza kwa muuzaji. Akikataa, leta malalamiko ofisini kwetu ukiwa na risiti, kipimo cha nafasi kati ya rula na ukingo wa kioo, na picha mbili za kioo kikiwa mahali pake: moja iliyopigwa karibu, na nyingine iliyopigwa kutoka kiti cha dereva.